Kilimanjaro (jina la kibiashara)

Kilimanjaro ni jina la mlima mrefu kuliko yote Afrika, na pia jina linalouza kahawa, bia, maji ya chupa na safari za watalii ndani na nje ya Tanzania. Makala hii inahusu matumizi ya jina hilo katika biashara na ulinzi wake katika sheria za miliki bunifu, hasa kwa kahawa ya wakulima wa miteremko ya mlima huo.

Kahawa

Mibuni ya arabika ilipandwa Kilema, kwenye miteremko hiyo, na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea katika vihamba (mashamba ya familia) vya Wachaga, wenyeji wa huko, chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association (KNPA), huku walowezi wakishinikiza Waafrika wazuiwe kulima arabika. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), kilichokusanya kahawa kupitia vyama vya msingi na kuiuza kwa pamoja. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, na KNCU ikarejea katika muongo uliofuata.

Sifa ya jina ilijengwa na kazi ya mikono ya familia za wakulima hao: kuchuma matunda mekundu tu, kuyamenya siku ileile, kuchachusha, kuosha, na kuanika juu ya meza hadi parachimenti, yaani buni iliyobaki na ganda lake la ndani, ikauke vizuri. Ukoboaji na mnada vilifanyika Moshi, mji ambao pia ni makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania.

Soko lililolipenda jina hili kupita mengine ni Japani. Filamu ya Marekani ya 1952, The Snows of Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway, hutajwa mara nyingi kama chanzo cha umaarufu huo. Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani zinaruhusu arabika yoyote ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iitwe Kilimanjaro. Mchanganyiko unaobeba jina hilo unatakiwa uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga au Mbeya huingia Tokyo kwa jina la mlima ambao mkulima wake huenda hajawahi kuuona. Kwa wakulima wa kule hii ni nafuu halali ya bei. Kwa mkulima wa Marangu au Machame, kwenye miteremko yenyewe, ni jambo zito: mipaka ya jina la kwao imechorwa na wanunuzi, mbali na yeye.

Sheria

Alama za biashara zinasajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Miliki bunifu si jambo la Muungano, hivyo alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar.

Pengo kubwa liko kwenye viashiria vya kijiografia, yaani haki ya jina la mahali kubaki kwa wazalishaji wa mahali hapo. Zanzibar iliviingiza katika Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2008. Tanzania Bara, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, haikuwa na sheria mahsusi ya viashiria hivyo, ingawa ndiko uliko mlima wenyewe.

Bia na maji

Bia ya Kilimanjaro Premium Lager hutengenezwa na Tanzania Breweries (TBL). Maji ya Kilimanjaro hutoka kiwanda cha Bonite Bottlers, Moshi.

Mifano ya nje

Ethiopia iliomba usajili wa Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama za biashara nchini Marekani mwaka 2005, ikakumbana na upinzani mkali, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks. India ilichagua njia nyingine: sheria yake ya viashiria vya kijiografia ya 1999 ilianza kutumika mwaka 2003, na chai ya Darjeeling ikawa bidhaa ya kwanza kusajiliwa. Hata hivyo, Bodi ya Chai ya India ilipoishtaki kampuni ya ITC kwa kuuita ukumbi wa hoteli yake ya Kolkata “Darjeeling Lounge”, ilishindwa. Mahakama iliona kwamba haki hiyo inahusu chai, haifiki kwenye huduma za hoteli. Kwa hukumu ya aina hiyo, kiashiria cha kahawa ya Kilimanjaro kisingeigusa bia wala hoteli.

Hali ya sasa

Kagera, Ruvuma na Songwe sasa huzalisha kahawa nyingi kuliko Kilimanjaro, ambako vihamba vimegawanywa kwa urithi na mibuni mingi imezeeka. Minada imefunguliwa pia katika kanda nyingine. KNCU bado inauza kahawa nje ya nchi.