Kababu za Uswidi na mchuzi wake wa malai

Kababu za Uswidi zimo katika kitabu cha mapishi cha Cajsa Warg, msimamizi wa jiko huko Stockholm, kilichotoka mwaka 1755. Enzi hizo nyama ilikatwakatwa kwa kisu mpaka ilainike, kazi ya kuchosha iliyotaka watumishi, hivyo kilikuwa chakula cha wenye nacho. Majiko ya chuma na mashine ya kusagia nyama, vilivyoenea katika karne ya 19, ndivyo vilivyozifikisha kababu kwenye meza za kawaida. Chenga za mkate zilizolowekwa maziwa ziliongeza wingi wa nyama, tena zikailainisha. Mchuzi hupikwa katika kikaango kilekile: masalio yaliyogandia chini huyeyushwa kwa supu, kisha hutiwa malai. Viazi huandamana nao, pamoja na jamu ya lingonberi, ambayo uchachu wake hupunguza uzito wa mafuta.

Mwaka 2018 ukurasa rasmi wa Uswidi kwenye Twitter ulitangaza kwamba mapishi hayo yaliletwa na Mfalme Karl XII kutoka Uturuki. Kweli, aliishi miaka kadhaa kwa Waosmani baada ya kushindwa Poltava mwaka 1709. Ushahidi wa kumhusisha na kababu, hata hivyo, ni hafifu.