Uhifadhi wa kingo za mto Malewa

Uhifadhi wa kingo za mto Malewa ni kazi ya wakulima wadogo wa Nyandarua, nchini Kenya, ya kuzuia udongo wa mashamba yao usiishie Ziwa Naivasha. Malewa hutoka milima ya Aberdare na, pamoja na tawimto lake Turasha, huleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo. Naivasha haina mto unaotoka juu ya ardhi; tope na mbolea vikishaingia hubaki humo.

Tatizo huanzia juu. Huko Wanjohi na Kinangop mashamba ni ya mteremko na ni madogo, hivyo viazi na kabeji hulimwa hadi majini. Sheria za Kenya hutaka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kulimwa, ila kwa mwenye ekari moja ukanda huo ni chakula cha watoto, na amri peke yake haikuwahi kumtoa mtu hapo.

Ndipo mashirika ya WWF na CARE yakaja na utaratibu wa watu wa bondeni kumlipa mkulima wa mlimani. Vyama vya watumiaji maji viliandikisha wakulima, na wenzao wa ziwani, wakiwemo wenye mashamba ya maua, wakachanga. Malipo ya kwanza, mwaka 2010, yalikuwa vocha ya pembejeo ya takriban dola 17 kwa mkulima. Si fedha ya kumbadilisha mtu. Kilichomshawishi zaidi ni nyasi za nepia: mistari yao hushika udongo, na majani yao hulisha ng'ombe ambaye maziwa yake huuzwa kila siku.

Kingoni hupandwa pia miti ya kienyeji. Mikaratusi haitakiwi kwa sababu hunywa maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji.

Ziwani, eneo la Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu 1995, wanaonufaika ni viboko, furukombe na mafunjo, ambayo nayo huchuja tope mdomoni mwa mto. Lakini huko juu si kila mahali panahitaji miti. Uwanda wa Kinangop ni makao ya Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano anayeishi kwenye nyasi tupu na asiyepatikana nje ya Kenya.