Kadi za Maktaba na Nyimbo Zilizochapwa: Iringa na Mbeya

Mtafiti wa muziki uliochapwa akianza na droo ya namba 780, ambayo mpangilio wa Dewey umeitengea muziki, ataambulia machache kuhusu Nyanda za Juu Kusini. Wamoraviani walianza kazi Rungwe mwaka 1891. Wabenediktini wakajenga Tosamaganga, karibu na Iringa, mwishoni mwa karne hiyo. Muziki uliochapwa kwa ajili ya maeneo hayo ni, kwa sehemu kubwa, nyimbo za ibada, na mkutubi aliuhesabu wimbo wa ibada kuwa dini. Kadi yake basi itafutwe kwenye namba za 200, au chini ya jina la lugha: Kinyakyusa, Kihehe, Kibena. Jina la mtunzi halifai kitu, kwani vitabu hivi huorodheshwa zaidi kwa jina la kitabu au la kanisa.

Katika kadi hiyo ya sentimita 7.5 kwa 12.5, mstari wenye thamani kuliko yote ni ule unaotaja kurasa, na kama kitabu kina nota au maneno matupu. Kwa mwanaisimu jambo hili si dogo. Kihehe ni lugha ya toni, Kinyakyusa sicho. Tuni ya Kijerumani iliyovishwa maneno ya Kihehe yaweza kupanda mahali ambapo neno lenyewe hushuka, na bila nota haijulikani ni silabi ipi iliyoumia. Kadi zinaponakiliwa kwenye kompyuta kwa jina la kitabu na mwaka tu, mstari huo ndio unaoachwa.