Soli na Roho: Matamshi, Maandishi na Matini ya Shakespeare

Katika onyesho la kwanza la tamthilia ya Julius Caesar, iliyoigizwa London mwaka 1599, fundi wa viatu anaulizwa na wakuu wa Roma anafanya kazi gani. Jibu lake lina neno ambalo sikio peke yake haliwezi kuliamulia: huenda anatengeneza soli za viatu, huenda anatengeneza roho za watu. Kwa Kiingereza cha leo soli ni “sole” na roho ni “soul”. Hutamkwa sawa, bali huandikwa tofauti. Matoleo tunayoyatumia madarasani aghalabu huchapa “soles”, na tanbihi humweleza mwanafunzi kwamba pana mzaha. Hata hivyo matini ya kwanza ya tamthilia hii kuchapwa, yaani Folio ya mwaka 1623, ina “soules”. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo ya herufi si jambo dogo la tahajia. Mhakiki asiyeijua historia yake huweza kuuhakiki uamuzi wa mhariri akidhani anamhakiki mwandishi.

Yafaa kuanza na historia ya sauti. Wakati Chaucer alipofariki, mwaka 1400, “meat” (nyama) na “meet” (kutana) yalikuwa na irabu mbili tofauti, na “knight” (askari wa farasi) lilianza kwa sauti ya k ambayo “night” (usiku) halikuwa nayo. Kuanzia takriban karne ya 15 irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya nyingine, na mabadiliko hayo yaliendelea hadi karne ya 18. William Caxton alisimika mtambo wake wa kuchapa huko Westminster mwaka 1476, yaani katikati ya safari hiyo. Wachapaji walielekea kuigandisha tahajia ilhali matamshi yangali yanasonga. Ndiyo maana jicho la msomaji wa leo huona maneno mawili pale ambapo sikio lake husikia moja. Maandishi yamehifadhi kumbukumbu ya tofauti ambazo vinywa vilikwisha kuzisahau.

Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa liko kundi jingine lenye historia iliyo kinyume. “Flower” (ua) na “flour” (unga wa ngano) ni neno moja kwa asili: unga ulioitwa hivyo ndio uliokuwa bora, ua la nafaka iliyosagwa. Samuel Johnson hakuyatenganisha katika kamusi yake ya mwaka 1755. Vivyo hivyo “metal” (madini) na “mettle” (ujasiri wa moyo) ni tahajia mbili za neno moja. Katika enzi ya Shakespeare, yeyote kati ya maumbo hayo mawili aliweza kubeba maana zote mbili. Mwishoni mwa onyesho lile lile la fundi wa viatu, mkuu mmoja wa Roma analitumia neno hili kuwaelezea watu wa tabaka la chini. Folio ina “mettle”. Wahariri wa baadaye hugawanyika, wengine wakichapa “metal”. Kila chaguo hufunga mlango mmoja. Anayechapa “metal” huwafanya raia kuwa madini duni yanayosubiri kuyeyushwa. Anayeacha “mettle” huuweka mkazo kwenye tabia yao. Hili ni suala la itikadi ya matini, wala si la herufi tu.

Wahakiki wa zamani hawakuwa wote na subira na maneno ya namna hii. Johnson mwenyewe, katika dibaji ya toleo lake la Shakespeare la mwaka 1765, alimlaumu mtunzi kwa kuuendekeza mzaha wa maneno kupita kiasi. Robert Bridges naye, mshairi rasmi wa taifa la Uingereza, alichapisha mwaka 1919 utafiti kuhusu maneno yenye sauti moja. Aliyaona kuwa kero, tena akahofia kwamba maneno yanayogongana kwa sauti huuana. Wote wawili walitaka lugha isiyo na utata. Jukwaa la mwaka 1599 halikuwa na haja hiyo: hadhira ilisikiliza, haikusoma, na maana zote mbili ziliingia masikioni kwa pamoja.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaichapisha tena baada ya masahihisho kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi, tamthilia ambamo soli na roho hukutana tena, Shylock anoapo kisu chake. Katika Kiswahili maneno hayo mawili hayana sauti inayofanana hata kidogo. Mfasiri yeyote hana budi kuamua ni nini apoteze, au abuni mzaha mwingine badala yake. Hawezi kuamua kwa haki endapo ameanza na matini iliyokwisha kuamuliwa na mhariri.

Zaidi ya hayo, mazoea yetu ya kusoma yanaweza kutupotosha. Kiswahili sanifu kimeelekea upande wa pili. Msemaji wa Kimvita hutamka “paa”, mnyama, kwa mpumuo. “Paa” la nyumba halina mpumuo huo. Tahajia sanifu huyaandika kwa umbo moja. Kwetu sisi jicho limeunganisha kile ambacho sikio la Mombasa hutenganisha. Kwa Kiingereza jicho hutenganisha kile ambacho sikio huunganisha. Katika hali zote mbili ukurasa si shahidi wa kutosha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba anayehakiki au kutafsiri tamthilia ya kipindi hicho aweke nakala ya Folio kando ya toleo la kisasa, kisha aisome matini kwa sauti kabla ya kuitolea hukumu. Fundi wa viatu alikusudia wakuu wa Roma wakasirike kwa kutojua amesema lipi. Tukimsoma kwa jicho tu, tutakuwa tumewasaidia wakuu hao kumnyamazisha.