Laptopu yangu na usingizi wa Endagikot

Kimya chote kile nilikuwa likizo nyumbani, Endagikot, Mbulu, na baridi yake mnaijua. Nilikuwa naandika maandalio ya somo kwenye laptopu yangu ya mtumba, yenye Linux ya zamani. Umeme ukikatika naifunika ilale, betri isiishe. Basi kila nikiifunua inatambaa kama kinyonga mpaka niizime na kuiwasha upya. Fundi mmoja akasema prosesa imekufa, nitafute mashine nyingine. Mzee akaanza kumwangalia ndama zizini. Jamani!

Mimi nasomea ualimu wa historia, sio kompyuta, kwa hiyo nikauliza swali letu la darasani: hili tatizo lilianza lini?

Zamani prosesa nyingi zilikimbia kasi moja tu. Januari 2000 Intel ikaleta SpeedStep: Pentium III ya laptopu yenye 650 MHz, ikiwa kwenye betri, inashuka hadi 500, na volti kutoka 1.6 hadi 1.35. Chaji inakaa. Ila sasa inatakiwa draiva, yaani programu ya kuiambia prosesa ipande au ishuke. Na utaratibu wa mashine kulala, ACPI, ulishatolewa mwaka 1996. Hivyo viwili vikagongana. Mashine ikilala, prosesa hukatiwa umeme. Ikiamka, BIOS inaweza kuianzisha kwa kasi nyingine kabisa, huku mfumo ukikumbuka ile ya kabla ya kulala. Ni kama mtu kaamshwa usiku wa manane akadhani bado jioni.

Kwenye Linux kulikuwa na balaa jingine: amri ya kubadili kasi iliweza kutoka wakati kifaa cha kurekebisha volti kimeshalala. Nani aipokee? Mwaka 2014 Viresh Kumar akaandika marekebisho yaliyoingia toleo la 3.15: mpanga kasi anasimamishwa kwanza, ndipo vifaa vinalala, vikishaamka, ndipo anarudi kazini. Kupanga foleni tu, miaka 14 baada ya SpeedStep!

Linux yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Nikaenda Mbulu mjini, nikapakua mpya kwa bando la rafiki. Sasa inalala, inaamka, kasi ileile. Ndama bado yupo zizini. Fundi nikipita pale namsalimia tu.