Mafundi wa Usukani Tunduma

Ufundi wa magari Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, ulikua pamoja na barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kupitia Rhodesia, iligeukia bandari ya Dar es Salaam, na malori yakapita hapa katika vumbi na matope kabla ya lami. Land Rover za wakati huo hazikuwa na pawa stelingi, yaani usukani unaorahisishwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Magari yenye usukani huo yalipoenea, mafundi walipata kazi mpya: kuziba uvujaji wa mafuta hayo. Fundi hufuta mafuta yaliyotapakaa, huwasha injini, huzungusha usukani, kisha hukagua pampu, mipira na sili. Kilichochakaa hubadilishwa, kwani kuongeza mafuta pekee hakutibu uvujaji.