Ituika: Tarehe ya Kupokezana Utawala

Wakikuyu na Wakamba wanaoishi Ngoliba, chini ya Kilima Mbogo, wametoka katika jamii zilizotawaliwa na mabaraza. Wakamba walikuwa na nzama, baraza la wazee. Wakikuyu walikuwa na kiama: mtu aliingia kwa kutoa mbuzi, akapanda daraja moja baada ya jingine, na wazee wa daraja la juu walitambulika kwa fimbo na shada la majani ya maturanguru mkononi.

Juu ya hayo yote palikuwa na ituika. Kila baada ya miaka 30 hadi 40 hivi, rika la Mwangi liliwaachia Maina utawala, au Maina wakawaachia Mwangi. Waliopokea walitoa mbuzi, sherehe zikaenda miaka kadhaa, kisha wakubwa wakatoka. Mapokeo yanasema desturi hii ilizaliwa baada ya watu kumwondoa mfalme dhalimu.

Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya kuteua machifu, na chifu akawa mtu wa serikali. Zamu ya Maina ilipofika katikati ya miaka ya 1920, serikali ikaipiga marufuku ituika. Siku hizohizo, mwaka 1925, alifariki William Northrup McMillan, Mmarekani mwenye mashamba makubwa Juja aliyewahi kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Kaburi lake liko Kilima Mbogo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia baraza hilo mwaka 1944.

Huko Marekani alikotoka McMillan nako, mwaka 1744, Canasatego wa taifa la Onondaga aliwashauri walowezi waungane kama mataifa ya Iroquois, ambako akina mama wa ukoo ndio walioteua viongozi na kuwavua. Benjamin Franklin aliyachapa maneno yake. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu uzito wa ushauri ule, lakini mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuutambua mchango wa Iroquois katika kuunda katiba ya nchi hiyo.

Ituika haijapata heshima hiyo, na jambo hilo linaniuma. Jomo Kenyatta aliieleza kwa fahari katika kitabu chake cha 1938, kisha akawa rais na kufariki akiwa madarakani mwaka 1978. Kikomo cha mihula miwili ya urais kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Rais Moi akamwachia Kibaki kiti Desemba 2002. Chini ya Katiba ya 2010 Ngoliba ni wadi, na wakazi wake humchagua mwakilishi wao katika bunge la Kaunti ya Kiambu kila miaka mitano. Chifu bado huajiriwa na serikali.